Milimita

Saa tatu kamili asubuhi, si na dakika tano,
naacha mwiko kwenye sufuria ya uji wa shule,
nazunguka nyuma ya choo cha walimu,
nafungua kopo la shaba. Namimina mvua ya jana
ndani ya mrija wa kioo, nachuchumaa
mpaka jicho liwe sawa na maji.
Ukitazama kwa juu unaiongeza mvua,
ukitazama kwa chini unaipunja.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema hayapimiki.

Kazi hii niliachiwa na Mwalimu Kaniki
alipohamishwa Handeni.
“Zaina,” alisema, mguu mmoja tayari juu ya pikipiki,
“sifuri maana yake nimetazama, haikunyesha.
Kistari maana yake sikutazama.
Usije ukaweka sifuri mahali pa kistari.”
Basi. Ndiyo semina nzima.

Miaka sita niliandika, mwandiko wa kupigiwa mfano.
Mwezi ukiisha, daftari linaingia bahasha,
bahasha inateremka kutoka Amani hadi Muheza,
inangoja mhuri, inangoja gari,
inafika Tanga mjini imechoka kama mgeni wa msiba
aliyewakuta watu wameshazika.

Mei, tarehe tisa, mwaka ule:
mia moja arobaini na tatu, nukta mbili.
Nilipima mara mbili. Nikaandika,
nikapiga mstari chini yake kwa rula,
nikarudi kukoroga uji.

Zigi haikungoja bahasha.
Jioni ilikuwa Amboni, imeingia bila hodi.
Nyumba kumi na tisa.
Na mtoto, Hatibu, ambaye jina lake nililisikia redioni
pamoja na umri wake: minne.

Sijawahi kumwambia mtu hili:
namba yangu ilikuwa sahihi.
Ilikuwa kabatini, sahihi kabisa.

Sasa kuna simu. Si simu ya maana,
kioo kimepasuka katikati ya tano na nane,
ila namba inaondoka kabla uji haujachemka.
Inakwenda kwa watu wa hali ya hewa,
kwa yule wa bwawa la Mabayani,
kwa mabalozi wa nyumba kumi kumi huko bondeni,
na kwa bwana mmoja wa Kiwanda
anayesoma kina cha mto kwenye nguzo ya rangi nyekundu.
Mimi nampa mvua, yeye ananipa mto.
Hatujaonana. Namjua kwa desimali.

Wale wa shamba la chai huko juu
wana mvua ya miaka hamsini
ndani ya sanduku la chuma, na kufuli.
Niliomba nitazame tu. Karani akaniuliza: kwa kibali cha nani?
Nikashuka mlima najiuliza, mvua ya nani?

Novemba iliyopita vuli ilichachamaa.
Mia moja ishirini na nane.
Niliituma. Vidole vikitetemeka, nikaituma tena.
Nikapiga simu pia, nikapayuka kama mwendawazimu
mbele ya watoto wenye vikombe mkononi.

Usiku ikaja meseji, namba ngeni:
“Tumehamisha kuku na bibi. Maji yamefika kizingitini
yamerudi. Mwajabu, Amboni.”

Kuku kwanza, kisha bibi.
Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikakaa chini
juu ya gunia la unga, sikucheka tena.

Redio haikusema kitu.
Nani atatangaza nyumba zilizobaki pale pale,
mtoto aliyelala hadi asubuhi
akaamka akidai chai?

Leo kopo ni kavu. Buibui ametanda kwenye faneli.
Nimemtoa kwa kijiti, nimechuchumaa
kwa adabu ileile,
nimetuma sifuri.

Nimetazama.